Darasa la Jumamosi, kiti cha Jumatatu: kisa cha Johns Hopkins, 1972–1973

Juni 1972, mjini Baltimore, Marekani, mwalimu Joseph Wolfson alianza kufundisha aljebra kundi dogo la watoto ambao wengi wao walikuwa ndiyo kwanza wamemaliza darasa la 6. Darasa lilikuwa la Jumamosi asubuhi, muda wa saa 2 kwa wiki, chini ya mradi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Kufikia Agosti 1973, baada ya vikao 60 hivi, wanafunzi 8 walikuwa wamemaliza hisabati yote inayotangulia kalkulasi (hisabati ya mabadiliko): aljebra ya kwanza, ya pili na ya tatu, jiometri ya maumbo bapa, trigonometria na jiometri kuratibu.

Katika shule ya kawaida ya Marekani kazi hiyo huchukua miaka minne na nusu. Tupige hesabu. Siku 180 za masomo kwa mwaka, kipindi kimoja cha dakika 45 kwa siku, kwa miaka 4.5: vipindi 810, yaani saa 607 na nusu. Vikao 60 vya saa 2 ni saa 120. Watoto wale walitumia darasani sehemu moja ya tano ya muda.

Hesabu hiyo ndiyo inayosimuliwa kila mtu anapotetea programu za vyuo vikuu kwa watoto wa shule. Inasimuliwa nusu. Haielezi walipatikanaje watoto waliofaa mwendo ule, kazi iliyofanyika nje ya zile saa 120, wala mtoto aliyemaliza aljebra Jumamosi aliketi darasa gani Jumatatu. Hilo la mwisho ndilo linaloamua kama programu ya namna hii imefaa kitu, na ndilo waandaaji wengi hulifikiria mwishoni, wakati ratiba za shule zimeshapangwa.

Mvulana wa 1968

Kisa kinaanza miaka minne nyuma. Katika kiangazi cha 1968 mvulana wa miaka 12 alihudhuria kozi ya kompyuta ya wanafunzi wa shule pale Johns Hopkins. Mwalimu wake, Doris Lidtke, aliona mtoto huyo anawatangulia wakubwa waliokuja kujifunza pamoja naye, akampasha habari Julian Stanley, profesa wa saikolojia aliyebobea katika upimaji. Mwanzoni mwa 1969 Stanley alimpa mitihani iliyotungwa kwa ajili ya watu wanaojiandaa kuingia chuo kikuu, ukiwemo SAT. Matokeo yalikuwa ya mwanafunzi mzuri wa chuo.

Hapo tatizo likajitokeza. Stanley alizungukia shule za sekondari akiomba mvulana apokelewe katika masomo ya juu. Hakupata. Kwa kukosa njia nyingine, katika vuli ya 1969 kijana akaingia Johns Hopkins akiwa na miaka 13, akasoma hisabati, fizikia na kompyuta, na alipofika miaka 17 alikuwa na shahada ya kwanza na ya uzamili. Watu hukitaja kisa hiki kama ushahidi wa kipaji. Kwa anayepanga programu, funzo liko kwenye hatua ya kati: kozi ya chuo ilimgundua mtoto, shule haikuwa na pa kumweka, na chuo kikalazimika kumchukua moja kwa moja. Mlango wa namna hiyo haufunguki kwa kila mtoto, na wengi hawangeutaka.

Mwaka 1971 Stanley alianzisha mradi wa kuchunguza vijana wenye kipaji kikubwa cha hisabati, ndio uliokuja kuendesha darasa la Wolfson, kwa fedha za Spencer Foundation, taasisi inayofadhili utafiti wa elimu, akisaidiwa na wanafunzi wake wa uzamivu Daniel Keating na Lynn Fox.

Mtihani wenye dari fupi

Mtihani wa darasa la 7 umetungwa kumpima mtoto wa kawaida wa darasa la 7. Mtoto aliyepata maswali 50 kati ya 50 hajaonyesha uwezo wake wote. Ameonyesha kwamba mtihani umeisha. Ndani ya kundi la watoto walio juu ya 98 katika kila wenzao 100 kuna tofauti kubwa kama ile iliyopo kati ya mtoto wa kawaida na wao, ila dari ya mtihani ni fupi na vichwa vyote vinagota mahali pamoja.

Stanley aliwapa mtihani wa wakubwa. SAT ya hisabati ilikuwa na alama kuanzia 200 hadi 800, nayo ilitungwa kwa vijana wa miaka 17 na 18. Machi 1972 watoto 396 wa darasa la 7 na la 8 walioko kwenye tabaka la juu la madarasa yao waliufanya. Wale waliokuwa wamefungamana kwenye mtihani wa shule walitawanyika: wengine walipata alama za kubahatisha, mmoja akafika 790. Kwa mtoto ambaye hajafundishwa aljebra, alama hizo hazipimi alichokariri bali namna anavyofikiri mbele ya swali geni. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari anaweza kulijibu swali hilohilo kwa kanuni aliyofundishwa, kwa hiyo alama 550 ya mtoto wa miaka 12 na 550 ya kijana wa miaka 17 hazina maana moja.

Kundi la kwanza la Wolfson lilichaguliwa kwa alama za shule na majaribio ya kufikiri. La pili, mwaka 1973, lilichaguliwa kwa SAT yenyewe: angalau 500 katika hisabati na 400 katika lugha. Kigezo cha lugha huwashangaza watu. Sababu yake ni ya kawaida kabisa. Darasa linalokwenda mbio hivyo humwachia mwanafunzi asome sura nzima za kitabu peke yake nyumbani, na mtoto mkali wa namba asiyeweza kusoma ukurasa wa maelezo mwenyewe ataachwa nyuma ifikapo wiki ya nne au ya tano.

Udhaifu wa uchaguzi huu nao usifichwe. Anayejitokeza ni mtoto ambaye shule imemwambia, mzazi amekubali, na yupo wa kumpeleka asubuhi ya Jumamosi. Kipaji kisicho na mtu wa kukipeleka hakipimwi.

Kupima kabla ya kufundisha

Kitu bora kilichotoka kwenye mradi ule, kwa maoni yetu, ni utaratibu uliokomaa katika miaka iliyofuata, ambao Stanley aliuita kupima ili kujua pengo, kisha kufundisha pengo hilo tu. Unaigika popote penye mtihani mzuri wa kozi na mwalimu anayelijua somo. Huenda hivi.

Mtoto aliyeshapita kigezo cha SAT hupewa mtihani sanifu wa aljebra ya kwanza kabla hajafundishwa chochote. Mitihani iliyotumika zama hizo ilikuwa na maswali 40 kwa dakika 40. Anaambiwa ajibu yote, na pale asipokuwa na uhakika aweke alama ya kuuliza kando ya swali. Alama hiyo ndogo ina kazi kubwa. Katika maswali ya kuchagua jibu moja kati ya matano, mtu asiyejua lolote hupata kwa bahati 8 kati ya 40. Bila alama za kuuliza, bahati huhesabiwa kuwa elimu.

Muda ukiisha kabla hajamaliza, anaachiwa amalizie maswali yaliyobaki, lakini majibu hayo yanahesabiwa kando. Hapo mwalimu anatofautisha asiyejua na aliye mpole wa kalamu.

Msahihishaji huwa na mipaka miwili, 85 na 50, anapolinganisha alama za mtoto na za wanafunzi waliosoma kozi ile mwaka mzima. Mtoto aliyewapita 85 katika kila 100 kati yao anafundishwa mapengo machache kisha anahamia kozi inayofuata. Aliye kati ya 50 na 85 anaingia kwenye mafunzo ya mapengo. Aliye chini ya 50 anahitaji kozi kamili, japo kwa mwendo wa kasi, na kumlazimisha kwenye njia ya mapengo ni kumwonea.

Halafu inakuja hatua ambayo wengi huiruka. Mtoto harudishiwi karatasi yenye masahihisho. Anapewa namba za maswali aliyokosa tu, bila kuambiwa alijibu nini wala jibu ni lipi, anayarudia kwa muda anaotaka. Chukua mfano wa mtoto aliyepata 28 kati ya 40. Kakosa 12. Anaporudia, 7 anayapata: hayo yalikuwa haraka, au kusoma vibaya, au woga wa saa. Yanabaki 5. Ongeza maswali 4 aliyoyapata huku ameyawekea alama ya kuuliza. Mwalimu sasa ana mambo 9 ya kushughulikia badala ya kitabu chenye sura 14.

Mwalimu hakai na maswali 9 kama maswali. Anamwomba mtoto aeleze kwa sauti alivyofikiri kwenye kila moja. Mara nyingi mambo 9 hujikusanya kuwa matatu: hajawahi kuona alama ya thamani halisi isiyo na hasi, anachanganya kuzidisha vipeo na kujumlisha vipeo, hajui kwamba alama ya kutokulingana hugeuka ukizidisha pande zote mbili kwa namba hasi. Huyu hakukosa akili, alikosa mtu wa kumwambia desturi ya uandishi wa hisabati, na kila moja kati ya hayo hutosha kikao kimoja na mazoezi.

Mwisho anafanya toleo jingine la mtihani uleule, lenye maswali tofauti ya ugumu sawa, chini ya usimamizi wa mtu asiyemfundisha. Wanaorudia toleo lilelile hujidanganya, kwa kuwa mtoto wa aina hii hukumbuka maswali ya mwezi uliopita bila hata kujaribu.

Jumamosi yenyewe

Ndani ya darasa la Wolfson mwendo uliwekwa na wale wenye kasi zaidi. Darasani yalitolewa mawazo na mifano migumu. Mazoezi mengi yalikwenda nyumbani. Kwa hiyo anayesema watoto walijifunza miaka minne na nusu kwa saa 120 anasahau saa nyingi za jikoni na chumbani kati ya Jumamosi mbili. Mtoto aliyeacha kazi ya nyumbani wiki mbili mfululizo hakuweza kufufuka, hata awe na alama gani za kuingilia.

Si wote walioanza waliofika mwisho. Baada ya kiangazi cha kwanza wengine walijitoa, na wengine wakaendelea taratibu wakamaliza sehemu tu ya kozi. Darasa lilikuwa la hiari, halina adhabu ya kuondoka, na hilo lilisaidia: aliyebaki alibaki kwa kupenda. Kwa mtafiti, lakini, ni tatizo. Wale 8 walijichuja wenyewe kwa bidii, na hakukuwa na kundi la kulinganisha lililopatikana kwa kura. Ni jambo la kuchekesha kidogo, maana Stanley mwenyewe ndiye aliyeandika na mwanasaikolojia Donald Campbell, mwaka 1963, mwongozo wa majaribio ambao watafiti wa elimu walifundishiwa kwa miongo kadhaa. Ufuatiliaji wa miaka kumi wa wanafunzi wa madarasa haya ya kasi, uliochapishwa mwaka 1991, haukuona kwamba kasi iliwaharibia masomo ya baadaye. Hilo linajibu hofu ya wazazi. Halithibitishi kwamba kila mtoto atafanya kama wale 8.

Mahali pa kuchunga katika mwendo huu ni jiometri. Mtoto anayeona jibu kichwani hapendi kuandika hatua, na uthibitisho wa jiometri ni hatua tupu. Kwenye aljebra atapona kwa kuona jibu. Kwenye jiometri atakosa alama na ataanza kudhani kwamba hajui hisabati. Apewe mapema, tangu aljebra, maswali machache kila wiki ambayo alama zote zimewekwa kwenye maelezo na jibu lenyewe halihesabiwi.

Jumatatu

Stanley aligawa masomo ya nyongeza katika mafungu manne. Lipo la kumshughulisha mtoto kwa kazi nyingi zaidi ya ileile. Lipo la kumpa somo lisilohusiana na kipaji chake. Lipo la utamaduni, kama muziki au lugha ya kigeni, ambalo aliliona lina faida yake. La nne ni la kumpa hisabati nzuri ya juu mtoto wa hisabati, na hapa ndipo hoja yake inapochoma: nyongeza hiyo ikitolewa bila kumsogeza mbele shuleni, inamwongezea kuchoshwa miaka ijayo. Mtoto aliyesoma aljebra vizuri akiwa darasa la 6 ataisoma tena darasa la 8 au la 9, siku 180, akijua kila ukurasa.

Hapo ndipo programu nyingi huanguka. Chuo humaliza kozi kwa sherehe na cheti chenye muhuri. Cheti kinasema mtoto alihudhuria. Mwalimu mkuu hawezi kupanga ratiba kwa neno alihudhuria, na ana haki kukataa.

Anachoweza kutumia ni barua ya ukurasa mmoja inayotaja jina la mtihani sanifu na toleo lake, tarehe, nani alisimamia, alama ghafi, na mtoto amewapita wangapi katika kila 100 ya wanafunzi wa kundi gani. Chini yake liwepo ombi moja lililo wazi: mwanafunzi huyu awekwe aljebra ya pili kuanzia muhula ujao. Ombi la kumpa changamoto zaidi halina maana kiutawala, kwa kuwa hakuna kipindi kinachoitwa hivyo. Barua ifike kabla ratiba haijapangwa, na mzungumzaji wa kwanza awe mwalimu wa hisabati wa shule, maana yeye ndiye atakayeulizwa na mkuu wake. Akisikia habari kwa mzazi kwanza, hujihisi anakaguliwa.

Barua hiyo inapaswa pia kujibu swali la miaka mitatu mbele: akimaliza hisabati yote ya shule akiwa na miaka 14, atasoma nini? Majibu yapo, kama kozi moja moja za chuo baada ya saa za shule, au mtihani wa kalkulasi wa ngazi ya chuo unaofanyiwa shuleni. Yasipoandikwa, mkuu wa shule ataliuliza swali hilo na ukimya utahesabiwa kuwa jibu.

Wasichana wa 1973

Katika mtihani wa Machi 1972 alama ya juu kabisa ya msichana ilikuwa 600, na katika darasa la Wolfson wasichana hawakufika mbali kama wavulana. Lynn Fox aliona kwamba mazingira yalichangia, akaandaa mwaka 1973 darasa la aljebra la wasichana watupu. Walimu walikuwa wanawake, ushirikiano ulitiliwa mkazo kuliko ushindani, na walialikwa watu wa kueleza kazi zinazotumia hisabati. Wasichana wengi walikaa na wakaijua aljebra ya kwanza.

Kisha wakarudi shuleni. Baadhi ya shule hazikutaka kuwasogeza, na baadhi ya wasichana hawakutaka kuingia darasa geni la wakubwa bila rafiki. Mafanikio ya kiangazi yakapungua kwenye ratiba ya shule. Ingekuwa vyema wasichana wawili au watatu wa shule moja wasogezwe pamoja. Ni jambo rahisi kupanga wakati wa kuchagua na gumu kulitengeneza baadaye.

Kuhusu pengo la alama lenyewe, mwaka 1983 Camilla Benbow, mtafiti wa mradi huo, na Stanley waliripoti uwiano wa wavulana 13 kwa msichana 1 miongoni mwa waliopata 700 au zaidi kabla ya miaka 13. Katika miongo iliyofuata uwiano huo ulishuka hadi karibu 4 kwa 1. Maumbile ya binadamu hayabadiliki kwa kasi hiyo.

Darasa la kalkulasi, 1974–1975

Mradi uliporudi Jumamosi kwa ajili ya kalkulasi, mpangilio ulikuwa umebadilika. Darasa lilikuwa la muda wa saa 2 kwa wiki, likifundishwa na Richard McCoart, profesa wa hisabati. Wanafunzi hawakuja kulisoma badala ya shule. Walikuwa wameandikishwa katika kozi za kalkulasi za shule zao, na Jumamosi ilikuwa ya kwenda ndani zaidi, kwa lengo moja lililojulikana tangu siku ya kwanza: mtihani wa kalkulasi wa ngazi ya juu ambao vyuo vya Marekani huupa hadhi ya kozi ya mwaka mzima. Alama zake ni 1 hadi 5, na wengi wa waliomaliza darasa hilo walipata 5.

Mwalimu wa shule hakupoteza mwanafunzi, alipata mwanafunzi bora na jina lake likabaki kwenye matokeo. Chuo hakikuomba shule ikiamini kwa neno lake, kwa sababu mtihani ulisahihishwa na watu wa nje. Na Jumatatu asubuhi kila mtoto alikuwa na kiti kwenye darasa la kalkulasi.